Lugha Isiyomjua Mkubwa

Jumapili iliyopita tulikuwa tunafua nyuma ya bweni, binti mmoja wa kidato cha kwanza akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huwa unasoma vitabu gani mpaka Kiingereza kinakutoka hivyo?" Nikamjibu, "Vya kawaida tu," nikaendelea kukamua sketi yangu. Akasubiri kidogo, akaondoka. Mimi ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza jambo la maana ulimi unaganda, halafu majibu yanakuja jioni, nikishakuwa peke yangu na kalamu. Kwa hiyo ngoja nikujibu wewe unayesoma hapa, maana wewe hunikodolei macho.

Vitabu vyenyewe havikuwa vya kawaida. Havikuwa hata na majalada. Vilikuwa vya mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimshuku, na mimi niliyekuwa nakaa naye ua mmoja nilimshuku kuliko wote.

Nilikuwa darasa la saba wakati huo. Tulikuwa tunakaa Izia, pembezoni mwa Sumbawanga, mimi na bibi mzaa mama, pale ambapo nyumba za mji zinaanza kuachana na mashamba ya ulezi yanaingia katikati. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nakumbuka kidogo tu ya nyuma yake, bibi akisugulia sufuria majivu kwa sababu sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Halafu ghafla maduka yakajaa. Sabuni za rangi ya waridi, mafuta ya kupikia ya kila namna, betri, biskuti, mitumba imemwagwa kwenye turubai unachagua umeinama mpaka mgongo unauma. Na vitu hivyo vyote vilikuja vimeandikwa Kiingereza.

Mimi nilikuwa na njaa ya maandishi. Nilisoma karatasi za sabuni. Nilisoma maelezo ya dawa ya kikohozi, yale yaliyokunjwa mara nyingi mpaka ukiyafungua huwezi kuyarudisha kwenye boksi. Nilisoma magazeti ya ng'ambo ya mpaka yaliyofungiwa migebuka, vidole vikinuka samaki mpaka siku ya pili. Ila nilikuwa mchaguzi. Sikupenda maneno marefu yanayosimulia mvua na milima. Mvua naijua, milima naiona. Nilipenda sentensi fupi zinazomwambia mtu kitu: tikisa kabla ya kutumia, weka mbali na watoto. Hizo unaweza kuzisema. Na mimi nilitaka kusema, kwa sababu mbele ya watu nilikuwa sisemi kabisa, si Kiingereza, si Kiswahili, hata Kifipa nilikuwa nakisema nikitazama vidole vya miguu.

Na lazima nisome kwa sauti. Kusoma kimya niliona ni kama kula kwa macho. Basi bibi aliponituma kuamia ndege kwenye ulezi, nilikaa juu ya tuta, yale matuta yetu ya duara tunayofukia majani chini yake, nikasoma. Upepo wa Ufipa ukiwa unapuliza masikio yanauma, lakini una faida moja, unaichukua sauti yako na kwenda nayo. Nikisoma ndege wanaruka, nikinyamaza wanarudi. Bibi alisema hajawahi kupata mlinzi mzuri hivyo.

Mama jirani yeye alikuwa na maelezo mengine. Alikuwa mwanamke wa Mpui, mwenye macho yanayofika kabla yake. Siku moja alikuja kuomba moto, akakaa kabisa.

"Mama, huyu mjukuu wako huwa anaongea na nani kule shambani?"

"Anasoma," bibi akasema.

"Kitabu gani cha kujibizana? Nimemsikia anauliza, anajibu mwenyewe. Hapa ni Sumbawanga, mama. Mtu haongei peke yake bure."

Bibi akacheka. Unajua, jina la mji wetu wazee wanasema maana yake ni kuutupa uchawi, na mikoa mingine wanatutania kwamba hatukutupa mbali. "Watu wa huko wanatusema hivyohivyo," bibi akamwambia, "na wewe unawasaidia kubeba."

Mama jirani alicheka pia, lakini alipotoka na kaa lake la moto alinitazama mara mbili.

Mpangaji alikuja katika majira hayohayo. Alishuka kwenye lori lililotoka Kasesya, kule mpakani, akiwa na marobota ya vitenge na mfuko mmoja wa salfeti uliojaa vitabu. Bibi akampa chumba cha uani. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, mama yake tu ndiye Mfipa, kwa hiyo Kifipa chake kilikuwa kama nguo ya kuazima, Kiswahili anakirukaruka, lakini Kiingereza kinateremka chenyewe. Tulimwita mama mdogo. Yeye alituita wote "iwe", yaani wewe. Mtoto ni iwe, mwenye duka ni iwe, mzee wa kanisa aliyekuja kuuliza habari ya misa naye akaambiwa iwe. Bibi alishika kichwa. Kwetu iwe ni neno la kumwitia mtoto anayechezea maji ya kunywa.

Halafu ile habari ya majalada. Kila kitabu chake kilianzia ukurasa wa ndani. Mama jirani alisema ni mali ya wizi, wameng'oa sehemu yenye muhuri wa mwenyewe. Mimi nilikuta kipande kimoja hakijamalizika kuungua kwenye jiko lake: mwanamume na mwanamke wamekaribiana nyuso kuliko inavyofaa kwenye nyumba yenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Kwa hiyo labda alikuwa anamstahi bibi. Au alikuwa anamficha bibi. Hivyo ni vitu viwili tofauti na mpaka leo sijui kilikuwa kipi.

Siku moja alinikuta naanika nguo huku nasoma karatasi ya sabuni. Akasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Iwe! Unasoma kama unatangaza msiba. Aliyekufa nani?"

Akaingia ndani, akatoka na kitabu kimoja, akanitupia. "Usisome chote. Soma wanapoongea tu. Kwingine ruka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ruka. Shuleni kuruka mstari ni viboko. Nilianza kumpenda hapo, na hapohapo nikaanza kujiuliza anataka nini.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni. Tunachambua maharage uani, yeye upande ule, mimi upande huu, kitabu kimefunguliwa kwenye kigoda katikati. Yeye anakuwa mwanamume, mimi mwanamke. Au yeye mama mkwe, mimi mkwe. Watu wa vitabu vile waligombana sana, na ugomvi ni mzuri kwa kujifunzia, maana ukigombana huwezi kunong'ona. "Sauti, iwe! Mteja yuko ng'ambo ya barabara!" Bibi anapita na maji anatikisa kichwa. Mara nyingine alisimama, akauliza kwa Kifipa, "Sasa wamepatana?" Nikimwambia bado, anasema, "Washenzi," anaendelea na maji yake.

Lakini kulikuwa na neno moja lililonishinda. You.

Naomba unielewe hapa. Nyumbani kwetu mkubwa anasemeshwa kwa wingi hata akiwa mmoja. Unachuchumaa au unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, halafu ndiyo unamjulia hali. Nilipokuwa mdogo sana nilimwambia padri "wewe", bibi akanishika sikio kuanzia kanisani na kuliachia nyumbani. Sasa nakuja kwenye Kiingereza, natafuta lile neno la wakubwa, silioni. Nilidhani mwalimu hajalifikia. Nikatafuta kwenye vitabu. Mtoto ni you, baba yake ni you, hakimu ni you, mbwa naye akifukuzwa jikoni anaambiwa you. Nikasema moyoni, hii lugha haimjui mkubwa. Na lugha isiyomjua mkubwa itakuwa imelelewa na nani?

Kwa hiyo nikawa naimeza. Nikisoma sehemu ya mtoto anayeongea na mama yake, nikifika kwenye you napunguza sauti mpaka inapotea. "Umeimeza tena!" mama mdogo alikuwa anapiga kelele. "Iwe, sentensi yako ina pengo kama mdomo wa mzee. Iteme!" Siwezi. Shuleni hakuna aliyejua, kwa sababu tulikuwa tunaimba wote kwa pamoja, na ile "thank you, teacher" mimi niliihesabu ni neno moja, kama shikamoo.

Mwaka ule nafasi za sekondari ya serikali zilikuwa za kugombaniwa kuliko viti vya mbele kwenye video. Bibi hakuzitegemea. Alilotegemea ni shule ya masista, hii niliyopo sasa, ambayo ilikuwa inachukua wasichana kwa usaili wa mdomo. Unaingia, unaongea na Sista Mkuu kwa Kiingereza, ukitoka basi. Karatasi ningeweza. Mdomo ndio uliokuwa mashaka. Bibi hakusema sana, ila kila usiku kwenye rozari aliongeza sala moja, na sauti yake ikifika hapo ilikuwa inapanda kidogo ili nisikie.

Na hapo ndipo mama mdogo alipomwambia bibi maneno yaliyonikosesha raha. Walikuwa wanaota moto, mimi naosha vyombo.

"Mama, akikosa shule, mnipe mimi. Nitakwenda naye Kasesya. Anasoma, anaandika, ataniongelea na madereva wa ng'ambo na watu wa forodha. Mimi peke yangu nikiongea na huyu, wengine wananizunguka nyuma."

Bibi akasema, "Tutaona."

Mama jirani aliposikia hakulala nalo. Alikuja asubuhi yake, hata moto hakuomba. "Fikiri, mama. Mtu anayemtaka mtoto wako akikosa, ndiye huyohuyo anamfundisha asikose? Wewe umeona wapi?"

Neno lile liliniingia likatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo kila alichonifundisha mama mdogo nilikigeuza kwanza, kama unavyogeuza nguo ya mtumba kutafuta palipotoboka. Na nikapaona palipotoboka.

Ilikuwa kwenye salamu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alituandaa hivi: Sista akiuliza "How are you?", unajibu, "I am fine, thank you, Sister." Nukta. Unafunga mdomo, unangoja. Mama mdogo aliposikia hivyo alipiga paja lake.

"Hapana, iwe! Ukifunga mdomo hapo umemfungia mtu mlango usoni. Yeye amekuuliza hali yako, wewe yake huitaki? Unasema, And you?"

"Kwa Sista?"

"Kwa Sista, kwa askofu, kwa nani sijui. And you?"

Ndiyo hii, nikasema moyoni. Hapa ndipo anaponichimbia. Nikasimame mbele ya mtawa mzima, mwenye umri wa bibi yangu, nimwambie "na wewe je?" kama naongea na mwenzangu bombani. Nitafukuzwa kabla sijakaa, halafu safari ya Kasesya inaanza kesho yake.

Nikaenda kumwuliza mwalimu. Alikuwa anasahihisha, akaweka kalamu nyuma ya sikio. "Kwa rafiki yako, sawa. Kwa Sista utaonekana huna adabu. Nani amekufundisha? Yule wa mpakani? Kile Kiingereza cha kwenye malori kitakuharibu." Nikaenda kwenye vitabu. Huko walikuwa wanaulizana wazi kabisa, kurasa kwa kurasa, And you, And you. Lakini vitabu vyenyewe vilitoka mkononi mwake. Na kwa kuwa havikuwa na majalada, nitajuaje kama ni vitabu vya watu wenye heshima?

Siku ya usaili bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka. Tulikuta wasichana wengi wamejipanga kwenye baraza, magoti yamepakwa mafuta yanang'aa. Niliona kitu kimoja kilichonitia hofu. Waliokuwa wanaingia walikuwa wanatoka haraka. Msichana mmoja aliyenitangulia alitoka analia, mama yake akamwuliza, "Amekuuliza nini?" Akasema, "Hajaniuliza kitu. Alinisalimia tu, nikajibu, akaniangalia."

Nikaitwa.

Sista Mkuu alikuwa mama mtu mzima, mweusi, mwembamba, miwani imeshuka puani. "Good morning," akasema. Nikajibu. "How are you?"

"I am fine, thank you, Sister."

Nukta. Nikafunga mdomo.

Sista naye akafunga wake. Akaniangalia. Kalamu yake ilikuwa hewani, haiandiki. Nje upepo ulikuwa unagongagonga dirisha. Nikaelewa kwamba huku ndiko kule kuangaliwa alikokusema yule msichana, na kwamba shule yangu yote imekaa kwenye ile kalamu. Mwalimu alisema nyamaza. Bibi angesema nyamaza. Mama jirani angesema huyo mwanamke amekuuza. Na macho ya Sista yakaanza kushuka kwenda kwenye karatasi ya anayefuata.

Sijui kama niliamua. Magoti ndiyo yaliyotangulia. Nilipiga magoti kwenye sementi, nikapiga makofi taratibu kama kwa bibi, na kutoka kule chini nikasema, "And you, Sister?"

Tena nilisema kwa ile sauti ya mteja wa ng'ambo ya barabara. Chumba kizima kiliitika.

Sista akaweka kalamu chini. Akavua miwani. Nilidhani ananyanyuka kunitoa. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, halafu akanijibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye si mzima, ana mafua, na baridi hii inamuumiza magoti, na tangu asubuhi hakuna mtoto hata mmoja aliyetaka kujua. Akaniambia kwa Kifipa niinuke, sementi ina baridi. Nikamwambia pole. Akaniuliza napenda kusoma nini. Nikasema napenda kusoma watu wanaoongea. Akauliza wanaongea nini. Nikasema wanagombana, Sister, lakini mwisho wanapatana. Tukaongea. Mimi, niliyekuwa naongea na ndege, nikaongea na Sista Mkuu mpaka mlinzi akachungulia, na you zangu zote nikazitema, kila moja na kigoti chake kidogo cha kuinamia.

Sijawahi kujua nilichukuliwa kwa ajili ya neno au kwa ajili ya magoti. Mwalimu alisema ni maandalizi yake. Bibi alisema ni Bikira Maria.

Majibu yalipokuja kupitia parokiani nilikimbia mpaka uani. Mama mdogo alikuwa anafunga robota la vitenge, amelikandamiza kwa goti, kamba iko menoni.

"Nimepata, mama mdogo."

Akaitoa kamba mdomoni. Akasonya. "Iwe, umeniua." Halafu akacheka, lakini kicheko kilichelewa, niliona. "Basi nimepoteza mtu."

Na mimi nisiyeuliza, siku hiyo niliuliza. "Kwa hiyo mama jirani alisema kweli? Ulikuwa unanitaka Kasesya?"

"Nilikutaka. Kwa nini nisikutake? Nilishatafuta hata chumba chenye vitanda viwili."

"Sasa mbona ulinifundisha vizuri?"

Akanitazama kama nimemwuliza ugali unasongwa kwa nini. "Kiingereza kibovu kingenisaidia nini mimi kwa madereva?"

Akaishika kamba kwa meno tena, akavuta.

Nilipokuja likizo ya kwanza chumba cha uani kilikuwa na fundi wa redio. Bibi alisema mama mdogo aliaga vizuri, akalipa, akapiga na magoti, vibaya, kama mtu anayetafuta sindano. Wengine wanasema yuko Mbala, ng'ambo ya mpaka, ana duka. Mama jirani anasema alikamatwa na mali ya magendo. Mama jirani husema hivyo kwa kila mtu anayechelewa kurudi.

Hapa shuleni tuna maktaba kubwa, na amri ya kwanza ya maktaba ni kimya. Vitabu vina majalada, vina mihuri, vina hadithi za mvua na milima, na vyote tunavisoma midomo imefungwa. Tukiongea, tunaongea kwenye mdahalo. Mwalimu anasikiliza makosa, wenzangu wanasikiliza pa kuchekea, na bibi, nikiwa nyumbani, ananiomba nimsomee kidogo kisha anasikiliza kwa fahari, neno hata moja haelewi. Hakuna anayepiga kelele kutoka upande wa pili wa ua kwamba nimemeza neno. Yule mwanamke alinisikiliza kama mtu anayeonja chumvi ya chakula anachojua atakula mwenyewe. Halafu chakula nikaja kukila mimi.